Trekta la bustani linapogoma kuwaka asubuhi ya baridi

Huku Duluth, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, nyumba nyingi za pembezoni zimekaa mbali na barabara. Theluji ikishuka usiku kucha, hakuna gari litakalotoka uani mpaka mtu aifungue njia. Wengi wetu kazi hiyo tunaifanya kwa trekta la bustani, lile trekta dogo ambalo kiangazi linakata nyasi, linavuta tela la samadi na kulima kishamba cha mahindi na mchicha nyuma ya nyumba. Ikifika Novemba linafungwa bamba la kusukumia theluji mbele na minyororo kwenye magurudumu ya nyuma. Si sawa na vile vimashine vya kukatia nyasi tu, maana lina chasisi nzito, gia imara na nguvu ya kuburuta jembe ardhini. Cub Cadet ya kwanza ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, John Deere 110 ikafuata mwaka 1963, na matrekta ya umri huo bado utayakuta yakifanya kazi.

Shida ni kwamba siku unayolihitaji zaidi ndiyo siku linayogoma. Theluji nzito ikipita, mara nyingi anga hufunguka na baridi kavu hushuka nyuma yake. Januari, alfajiri ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Mji wa Tower, ambao uko kaskazini ya hapa, ulifika nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996, na hiyo ndiyo rekodi ya jimbo zima. Mimi nimekulia Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na baridi si ngeni kwangu. Juni na Julai tulikuwa tukiamka tunakuta sakitu juu ya majani ya viazi. Lakini baridi ya Njombe ukivaa koti umemalizana nayo. Ya huku inaingia ndani ya chuma, ndani ya oili, ndani ya betri, na kila inapoingia inachukua kitu kidogo.

Hilo la "kidogo kidogo" ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu nimeona watu wengi wakipoteza pesa kwa kutafuta kitu kimoja kilichokufa. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Betri imepungukiwa nusu ya nguvu, oili imekuwa nzito, kiungo fulani cha waya kimeshika kutu, choki haifungi sawasawa. Mwezi wa saba, ambao huku ni kiangazi, kila kimoja kinavumilika. Januari vinakutana vyote asubuhi moja.

Trekta langu nililinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia kusini. Lina injini ya petroli ya silinda mbili inayopozwa kwa hewa, na gia ya haidrostati, yaani inayoendeshwa kwa pampu ya oili. Alinipunguzia bei sana na hakunificha sababu: kila majira ya baridi linakataa kuwaka, na kila majira ya baridi yeye hununua betri mpya. Ukutani mwa gereji yake alikuwa amezipanga zile za zamani. Akanipa zote nizipeleke kwa wanaonunua risasi. Kabla ya kuzipeleka nikazichaji moja moja, nikaziacha zitulie usiku kucha, nikazipima. Nyingi zilikuwa nzima.

Baridi ya kwanza kali ilipofika, trekta likafanya kama mzee alivyosema. Unazungusha swichi, unasikia "tak", basi. Ukijaribu tena pengine injini inajikokota nusu mzunguko na kusimama. Nikampigia kaka yangu Njombe, ambaye ni fundi wa pawatila na pikipiki kwa miaka mingi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Mnaendeleaje na hiyo barafu yenu?"

"Tunapambana nayo. Trekta linalia tak tu, halizunguki. Na betri ina volti 12.6."

"Hizo 12.6 umepima injini ikiwa imelala?"

"Ndiyo."

"Sasa hapo umempima mtu akiwa kitandani. Mpime amebeba gunia. Weka mita, shemeji apige stata, wewe soma namba wakati huohuo inapojaribu kuzunguka."

Ushauri huo ndio uliobadilisha kila kitu, na ningependa kila mwenye mashine ya betri aujue. Betri ya asidi na risasi iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.6 au 12.7. Ikiwa 12.4 iko robo tatu, 12.2 iko nusu, na ikifika 12.0 imebaki robo tu. Namba hizo zinaeleza chaji iliyomo, hazielezi kama betri inaweza kuitoa chaji hiyo kwa nguvu. Kwa nguvu kuna namba nyingine kwenye kibandiko, ampea za baridi: ni ampea ambazo betri ikiwa mpya inaweza kuzitoa kwa sekunde 30 katika nyuzi 18 chini ya sifuri bila volti kushuka chini ya 7.2. Betri za saizi ya trekta la bustani nyingi zina kati ya 200 na 350. Kwenye baridi hiyo betri ileile inakuwa imebaki na takriban nusu ya nguvu yake ya kiangazi, na kwa bahati mbaya ndipo injini inapotaka nyingi zaidi.

Ndiyo maana siamini sana kipimo cha dukani. Unaing'oa betri, unaiweka kwenye gari lenye joto, unaifikisha kwenye duka lenye joto la nyuzi 20, inakaa mezani ikisubiri zamu yake. Wanapoipima imeshapona. Pima trekta mahali linapolala, saa ileile linapogoma, na glavu mkononi.

Nilivyopima nitaeleza kwa urefu, kwa sababu ndipo penye faida. Unahitaji multimita ya bei nafuu tu na mtu wa pili wa kuzungusha swichi. Kwanza niliweka ncha za mita juu ya vichwa vya betri vyenyewe, ile risasi, si kwenye klipu za waya. Mke wangu akapiga stata. Namba ikashuka kutoka 12.6 hadi 10.4. Kwa injini yenye joto, ikishuka chini ya 9.6 hivi wakati wa kuzungusha betri inatiliwa shaka. Yangu ilikuwa inashikilia 10.4 kwenye nyuzi 19 chini ya sifuri. Betri ilikuwa haina kosa.

Kisha nikahamisha ncha: moja kwenye bolti ya waya mnene pale kwenye stata, nyingine kwenye mwili wa stata. Akapiga tena. Volti 8.3. Yaani kati ya betri na stata, umbali mfupi kuliko mkono wangu, volti 2.1 zilikuwa zinapotea njiani. Stata inayopewa 8.3 kwenye baridi ile haina namna ya kuizungusha injini, hata ukiifungia betri ya lori.

Zinapotelea wapi? Hapo ndipo mita inaonyesha utamu wake. Unaweka ncha moja kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye bolti ya stata, halafu mtu anapiga stata. Kwenye njia safi utasoma namba ndogo sana, isiyozidi nusu volti kwa upande mzima wa chanya. Mimi nilisoma 0.7. Kisha upande wa hasi: ncha moja kwenye kichwa hasi, nyingine kwenye mwili wa injini. Pale panatakiwa 0.2 au chini ya hapo. Nilisoma 1.4.

Waya wa hasi kwenye trekta hilo unatoka kwenye betri na kufungwa kwa bolti kwenye chasisi, na injini nayo imekaa juu ya chasisi. Kwa macho bolti ile ilikuwa imekaza vizuri. Nilipoifungua, chini ya kile kijicho cha waya kulikuwa na rangi ya zamani, kutu, na chumvi iliyokauka. Umeme ulikuwa unapita kwenye vinundu vichache vya chuma tu. Mtu anaweza kuuliza, kwa nini usipime kwa kipimo cha omu? Nilifanya, kikaonyesha sifuri. Stata ya injini hii inapozungusha kwenye baridi hula ampea 150 hivi. Ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, ambao mita ya kawaida haiuoni kabisa, ukizidisha kwa ampea 150 unakula volti 1.5. Ubovu huu unaonekana tu mzigo ukiwa mgongoni.

Dawa yake ilikuwa kazi ya jioni moja. Nilipiga brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, nikaweka kijicho kipya kwenye waya, nikaongeza waya wa pili mnene kutoka kwenye kichwa hasi moja kwa moja hadi kwenye mwili wa injini, nikapaka grisi ya kuzuia kutu juu baada ya kukaza, si kabla. Upande wa chanya nikasafisha vichwa vya solenoidi, ile swichi ya umeme inayoilisha stata, na kubadilisha waya mmoja uliokuwa umeota unga wa kijani ndani ya mpira wake. Waya kama huo ukiukunja unasikia unakwaruza. Asubuhi iliyofuata, baridi ileile: hasi 0.15, chanya 0.3. Kwenye vichwa vya betri nikasoma 10.1, pungufu kuliko jana yake, na hilo ni jambo jema, kwa sababu sasa betri ilikuwa inatoa ampea nyingi zaidi. Stata ilikuwa inapata karibu 9.7. Injini ikazunguka kwa nguvu. Betri niliyoifunga ni mojawapo ya zile za ukutani kwa mzee, na majira ya baridi mengine yamepita ikiwa humo.

Kaka nilipomsimulia alifurahi, akanikumbusha kwamba pawatila nyingi za kwetu zinawashwa kwa hendeli. Asubuhi ya Julai fundi anamwaga maji ya moto kwenye rejeta, anafungua ile leva ya kuachia kompresheni, yaani hewa inayobanwa ndani ya silinda, anazungusha hendeli mpaka injini ishike mwendo, ndipo anaiachia leva. Aliyefanya kazi ile anaujua uzito wa oili ya baridi kwa bega lake mwenyewe. Stata ya umeme, ambayo Charles Kettering aliifanikisha na ikaingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, ilituondolea uzito ule mwilini. Sasa inabidi tuusome kwenye mita.

Na uzito wenyewe unaweza kupunguzwa. Kiangazi injini nyingi za aina hii huendeshwa kwa oili ya SAE 30. Ni oili nzuri joto likiwa juu, lakini haifai chini ya nyuzi 4 hivi. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inamwagika kama haitaki. Kabla ya majira ya baridi mimi naweka 5W-30 ya sintetiki, na tofauti unaisikia kwa sikio siku ya kwanza. Soma kitabu cha injini yako, maana kila kimoja kina jedwali la oili na joto lake.

Jambo lisilojulikana na wengi ni gia ya haidrostati. Kwenye matrekta mengine pampu yake inazungushwa na mkanda, na ukikanyaga klachi mkanda unalegea, injini inabaki peke yake. Kwenye mengine, kama langu, shafti inatoka kwenye injini moja kwa moja hadi kwenye pampu. Hapo stata haizungushi injini tu, inakoroga pia oili nzito ya gia. Huna la kufanya isipokuwa kuhakikisha lipo nyutro, mashine ya mbele imezimwa, na taa hazijawashwa wakati wa kupiga stata. Ndiyo maana nilibandika hita chini ya tangi la oili ya injini. Si ile ya sumaku, kwa kuwa sehemu ya chini ya injini nyingi ndogo ni alumini na sumaku haishiki. Ni ya kubandika, wati 100 hivi, inayochomekwa kwenye umeme wa nyumbani kwa swichi ya saa. Ikiwaka saa mbili tatu kabla ya alfajiri, injini inaamka kama ya Oktoba. Kwa maoni yangu hakuna kifaa kinachorudisha fedha yake haraka kama hicho.

Mlio wa trekta unakwambia pa kuanzia. Likiwa kimya kabisa, hata tak haipo, usiiguse betri kwanza. Angalia fyuzi, kisha swichi za usalama: ya kiti, ya kanyagio, ya mashine ya mbele. Mojawapo ikikataa, umeme haufiki kwenye solenoidi. Theluji ya kwenye viatu inayeyuka juu ya kanyagio, maji yanatiririka kwenye swichi iliyo chini yake, usiku yanaganda. Mara kadhaa nimelimaliza tatizo hilo kwa kikaushia nywele tu. Likitoa tak au likijikokota, ni yale ya volti niliyoeleza. Stata ikizunguka yenyewe kwa kelele bila kushika gia ya injini, kigia chake kimeganda kwenye grisi ya zamani. Kisafishe na ukiache kikavu au ukipake kilainishi kikavu, usikipake grisi nyingine.

Lipo na la nne, linalofanana na betri mbovu mpaka likamdanganya rafiki yangu wa Bukavu anayeishi Iowa. Trekta lake lina silinda moja. Stata inazungusha vizuri robo mzunguko, inagota, inasimama, kisha ukirudia inapita. "Ndugu yangu, betri ni mupya, stata ni mupya, na bado," aliniambia kwenye simu, na sauti ilionyesha amechoka. Nikamwomba anionyeshe kwa video. Injini za silinda moja za namna hiyo zina mpango wa kuachia kompresheni kidogo wakati wa kuwasha, unaoinua vali nukta chache ili stata isipambane na hewa yote. Nafasi ya vali ikipanuka kwa matumizi, kile kiinuo hakiifikii vali tena, na stata inakutana na kompresheni nzima. Kiangazi inajikakamua na kushinda. Kwenye baridi inashindwa. Alifungua kifuniko cha vali, akarekebisha nafasi kwa vijisahani vya kupimia kufuata kitabu cha injini yake, akafunga. Stata ileile, betri ileile, ikazunguka.

Sasa tuseme injini inazunguka haraka lakini haishiki. Hapo ni mafuta au cheche, na kwenye baridi mimi naanza na mafuta. Fungua kifuniko cha chujio la hewa, vuta choki, angalia kwa macho kile kisahani ndani ya kabureta. Kinatakiwa kifunge kabisa. Waya wa choki ukilegea kidogo, kisahani kinaacha upenyo, na upenyo huo ambao Agosti hauna maana unatosha kuizuia injini isiwake Januari, kwa kuwa petroli baridi haigeuki mvuke upesi na injini inahitaji mchanganyiko mzito sana.

Petroli yenyewe nayo ina majira. Huku viwanda vya mafuta huuza petroli ya baridi iliyotengenezwa igeuke mvuke kirahisi, na ya kiangazi isiyogeuka kirahisi. Dumu ulilolijaza Agosti kwa ajili ya nyasi lina petroli ya kiangazi, na imeshakaa. Limalizie kwenye gari kabla ya Novemba, kisha nunua mpya kidogo kidogo. Nyingi ina asilimia 10 ya ethanoli, ambayo inavuta unyevu. Maji yakizidi na baridi ikiingia, ethanoli na maji vinajitenga na kuzama chini, palepale bomba linapofyonzea. Tone la maji likiganda kwenye chujio la petroli linatosha kuziba njia. Mimi hujaza tangi kila ninapomaliza kazi, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi humo.

Na hapa umeme unarudi kwa mlango wa nyuma. Kabureta nyingi za siku hizi zina solenoidi ndogo chini ya bakuli inayofungua mafuta swichi ikiwashwa. Ikiwa njia za waya ni chafu na volti zinaanguka sana wakati wa kuzungusha, solenoidi hiyo inaweza isifunguke. Utasikia injini inazunguka, utadhani petroli mbaya, utabadilisha chujio na plagi, na ubovu uko kwenye bolti ya hasi. Cheche nayo inategemea mwendo. Koili ya magneto haichukui umeme wa betri, inautengeneza kutokana na sumaku za gurudumu la injini, kwa hiyo injini ikizunguka taratibu mno cheche haitoki. Plagi mpya zenye nafasi sahihi, kwa injini yangu milimita 0.76, ni kitu cha bei ndogo, ziweke kila mwaka na usahau habari yake.

Kuna mambo nataka kuyasema kwa uzito, hasa kwa ndugu waliofika huku karibuni na hawajaizoea baridi hii. Usiwashe trekta ndani ya gereji iliyofungwa, hata dakika moja, hata ukiwa unataka tu lipate joto. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na gereji nyingi huku zimeungana na nyumba wanamolala watoto. Fungua mlango, liwashe, litoe nje, lipate joto huko. Usipashe injini kwa jiko au moto wa wazi. Palipo na petroli hapana moto wa wazi.

Betri nayo inaganda. Iliyojaa chaji inavumilia hata nyuzi 60 chini ya sifuri, lakini iliyoisha chaji inaweza kuganda kwenye nyuzi 7 tu chini ya sifuri, baridi ambayo huku tunaiita nafuu. Ukiona betri imevimba ubavuni au mfuniko umenyanyuka, usiichaji na usiibusti. Inaweza kupasuka na kukurushia asidi usoni. Ilete ndani mahali penye hewa, iyeyuke polepole, na mara nyingi ukiikagua utakuta imepasuka na haifai tena. Ukibusti kutoka kwenye gari, injini ya gari iwe imezimwa, maana mfumo wa umeme wa trekta ni mdogo. Chanya kwa chanya, na waya wa mwisho wa hasi ufunge kwenye chuma cha injini ya trekta, mbali na betri. Vaa miwani. Stata usiishikilie zaidi ya sekunde 10 kwa mfululizo, iache ipoe dakika moja ndipo urudie.

Trekta likishawaka, watu wengi wanasukuma theluji robo saa na kulizima. Kwa injini hilo si jema. Mvuke wa maji unaozaliwa ndani ya injini baridi hauna muda wa kutoka, unakaa kwenye oili, na unaweza kuganda ndani ya bomba la kupumulia. Bomba likiziba, presha inatafuta njia nyingine na kuisukuma oili nje kupitia sili. Ukiona oili imekuwa kama maziwa kwenye kijiti cha kupimia, hiyo ndiyo sababu. Liache lifanye kazi mpaka lipate joto kamili. Betri nayo haikurudishiwa ilichotoa. Ikiwa baridi inapokea chaji polepole, na kwenye mwendo mdogo huku taa zimewaka kinachoingia ni kidogo. Pima kwenye vichwa vya betri injini ikiwa kwenye mwendo wa kazi: kati ya volti 13.8 na 14.7 ni sawa, chini ya hapo angalia regyuleta na plagi yake. Mimi nikimaliza kazi nachomeka chaja ndogo ya kuilinda betri na kuiacha humo mpaka theluji nyingine.

Kila Oktoba, kabla ya kufunga bamba la theluji, narudia vile vipimo vya kuzungusha, na matokeo nayaandika kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa boneti: mwaka, joto la siku hiyo, volti za betri ikizungusha, zinazopotea upande wa chanya, zinazopotea upande wa hasi. Mwaka huu upande wa hasi umepanda kutoka 0.15 hadi 0.25, ingawa trekta linawaka vizuri na baridi bado haijaanza. Jumamosi naifungua ile bolti ya chasisi.